Pleti ya KD Ina Maana Gani? Soma Kabla ya Kutuma Malipo ya Kwanza ya Gari

Ukisimama Voi kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, hutakaa sana kabla ya kuona magari yaliyotoka bandarini yakipita na pleti za KD. Wateja wengi wakiona gari la aina hiyo kwa yadi hudhani limeshasajiliwa. La, bado. Na kama unanunua kwa pesa za simu, ni vizuri ujue tofauti mapema.

KD na KG ni za nani?

Kenya, gari haliruhusiwi barabarani bila kusajiliwa. Lakini mwenye yadi hawezi kusajili kila gari kwa jina lake akingojea mnunuzi. Ndiyo maana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inawapa wauzaji, watengenezaji na mafundi wa magari leseni yao ya jumla. NTSA ndio huitoa, pamoja na pleti zake:

- KD ni ya wauzaji. Hutumika kutoa gari bandarini hadi yadi, au mteja akitaka kulijaribu.
- KG ni ya magereji, kwa magari yaliyo mikononi mwa fundi.

Pleti hizi hufuata biashara, hazifuati gari. Leo iko kwa Vitz, kesho iko kwa Probox. Usizichanganye na KDA, KDB na zinazofuata, ambazo zilianza kutolewa 2020. Hizo ni za gari moja lililosajiliwa.

Jambo lingine: kibali cha biashara cha kaunti si leseni ya NTSA. Muuzaji anafaa kuwa na zote mbili.

Hii inakuhusu vipi?

Tuseme wewe ni mkulima wa Mwanda na unataka Probox ya kuteremsha mboga hadi Voi. Muuzaji anakwambia, "Tuma pesa, uende nayo na KD, logbuku itafuata." Usikubali. KD ni ya shughuli za muuzaji, si ya kubebea kabeji zako. Tena kisheria, mwenye gari ni yule ambaye jina lake limesajiliwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bila usajili, ulicho nacho mkononi ni ujumbe wa malipo tu.

Kabla ya kutuma pesa

1. Omba kuona leseni ya muuzaji. Jina lililo hapo lifanane na la yadi.
2. Kama gari halijasajiliwa, linganisha nambari ya chesisi iliyo kwa gari na ile ya karatasi za ushuru.
3. Kama limesajiliwa, tafuta rekodi zake kupitia akaunti yako ya NTSA kwenye eCitizen. Utaona ni la nani.
4. Lipa kwa paybill au till ya biashara, si kwa nambari ya mtu binafsi. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN.
5. Panga kiasi. Muamala mmoja mwisho ni Sh250,000, na kwa siku Sh500,000. Gari la Sh700,000 litachukua siku mbili, kwa hivyo andikianeni mkataba kabla ya malipo ya kwanza.
6. Hifadhi kila ujumbe wa malipo.

Baada ya kulipa

Kama gari lilikuwa na mwenyewe, yeye ndiye huanzisha uhamisho kwenye mfumo, nawe unaukubali. Sheria inakupa siku 14 tangu ulichukue; zikipita kabla jina kubadilishwa, huruhusiwi kuliendesha. Usimalize salio kabla uhamisho kuanza.

Muuzaji wa kweli hatakasirika ukimuuliza maswali haya. Anayekuharakisha utume pesa "kabla mwingine hajalichukua" ndiye wa kuogopa. Na kumbuka, sisi hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako.