Waya wa Gita na Sauti Ipoteayo Njiani

Mtu asimamaye pembezoni mwa kiwanja cha hadhara mjini Bariadi katika miezi ya kiangazi, wakati pamba imekwisha kuuzwa, ngoma za makundi ya Wagika na Wagalu zinashindana vijijini, na harusi na mikutano ya injili inaandamana mjini, atasikia magita ya umeme kabla hajayaona. Na lau ana sikio la makini atatambua kwamba gita moja lalia kwa sauti safi yenye makali, ilhali la pili, ambalo huenda ni la aina ile ile na lina nyuzi mpya vile vile, lalia kana kwamba limefunikwa blanketi. Aghalabu lawama huangukia amplifaya, au vidole vya mpigaji. Ni nadra mtu kuinama akautazama waya uliolala vumbini baina ya gita na amplifaya, ingawa nao ni sehemu ya ala na una kauli yake katika sauti.

Chini ya nyuzi za gita la umeme kuna kinasa, nacho ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya duru za waya wa shaba, ambao unene wake ni kama sehemu 6 katika 100 za milimita. Uzi wa chuma utetemapo juu ya sumaku, umeme huzaliwa katika koili hiyo, nao ni mdogo mno, wala kwa kawaida haufikii volti moja. Waya wa gita kwa upande wake una shaba ya kati, plastiki inayoivika, na wavu wa shaba unaoizunguka plastiki. Na shaba mbili zilizotenganishwa hivyo huhifadhi chaji kidogo ya umeme, yaani ni kapasita, hata kama aliyeutengeneza waya hakukusudia. Kila mita moja huongeza takriban pikofaradi 100. Koili na kapasita zikikutana hupatana kwenye mtetemo mmoja maalumu: hapo sauti hunyanyuka, na juu ya hapo huporomoka. Tukikadiria kinasa cha henri 3, ambacho koili yake yenyewe ina pikofaradi 100, hesabu yasema kwamba kwa waya wa mita 3 kilele hicho kitakuwa karibu na mitetemo 4,600 kwa sekunde, na kwa waya wa mita 10 kitashuka hadi karibu 2,800. Tofauti hiyo haihitaji chombo cha kupimia, sikio laitambua.

Wapenzi wa muziki wa dansi watafahamu uzito wa jambo hili. Katika bendi kama Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, gita la solo, la rithimu na la besi yalisukwa pamoja bila kufunikana, kwa kuwa kila moja lilikaa mahali pake, na solo lilipenya kwa ule ukali wake wa juu. Mpiga solo anunuaye waya mrefu ili apate kutembea kiwanja kizima huukata ukali huo kwa mkono wake mwenyewe. Mita 3 hadi 5 zamtosha. Akilazimika kwenda mbali, na aweke karibu na gita kifaa cha umeme cha kuisukuma sauti kabla haijaingia katika waya mrefu. Mpiga besi hana sababu ya kuhangaika hivyo.

Wauzaji wa mijini husifu shaba isiyo na oksijeni na jeki za dhahabu. Ukinzani wa waya mzima ni chini ya omu moja, na ule wa koili ni kama omu 7,000, na mlango wa amplifaya una omu milioni moja; basi hata shaba ikisafishwa maradufu, sikio halipati habari. Dhahabu ina faida moja ya kweli, kwamba haishiki kutu. Zaidi ya hapo ni maneno ya sokoni.

Kilicho cha haki kulipiwa ni wavu. Umeme wa nyaya za nyumba hutetema mara 50 kwa sekunde, na waya wa gita usio na wavu huupokea mvumo huo wote. Ndiyo sababu waya wa taa wa nyuzi mbili, ambao mafundi wengine huutumia kwa kubana matumizi, huvuma daima. Wengine hutwaa waya wa dishi la televisheni. Huo una wavu, tena kapasita yake ni ndogo, lakini kiini chake ni kigumu na aghalabu ni chuma kilichopakwa shaba, wavu wake ni wa alumini ikataayo lehemu, na ukikanyagwa husikika ukikwaruza spikani. Waya ulio bora una nyuzi nyingi nyembamba katikati, wavu wa shaba uliosukwa kwa kubanana, na chini ya wavu tabaka jeusi la plastiki ipitishayo umeme, ambalo hunyamazisha mkwaruzo huo.

Jeki ya milimita 6.35 ni ya kale kuliko gita la umeme lenyewe, kwani ilitokana na mitambo ya simu ya Marekani ya karne ya 19. Waya hufia hapo unapoingia katika jeki, wala si katikati, maana hapo ndipo unapopindwa kila siku. Jeki zilizofinyangwa kwa plastiki kiwandani hazifunguki, basi zikikatika hutupwa. Fundi na achague ya chuma inayofunguliwa kwa kuzungushwa, yenye meno ya kubana gamba la nje.

Kabla ya kulehemu lazima lile tabaka jeusi likwanguliwe nyuma kwa milimita 5 au zaidi, kwani likigusa shaba ya kati litavujisha sauti, na wengi hulisahau. Kisha pasi iyapashe moto madini yenyewe, na lehemu iyeyuke kwa joto la madini; lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 au zaidi kidogo. Kiungo kisitikiswe hata kipoe, na kikitoka na rangi ya kijivu iliyofifia kirudiwe. Hatimaye multimita ionyeshe ncha yapatana na ncha, wavu na wavu, na baina ya hivyo viwili pasiwe na njia kabisa, huku waya ukitikiswa.

Kuna hatari ambayo ustadi huu hauikingi. Wavu huziunganisha nyuzi za gita na mwili wa amplifaya, na viwanjani, kwenye jenereta isiyo na waya wa ardhi, hitilafu moja yaweza kuua. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani huko Swansea kwa kugusa maikrofoni yenye kasoro hiyo. Jenereta na ishughulikiwe kwanza, waya baadaye.

Na waya ukikatika karibu na jeki, fundi hukata sentimita 10 na kulehemu upya. Zitapungua pikofaradi kama 10, na hapana mpigaji atakayezisikia.