Udaktari na Hesabu ya Mshahara

Katika sehemu za Ngoliba, mashariki ya mji wa Thika, wazazi wengi ni wakulima, na mvua ya huko si ya kutegemewa. Mtu aishiye kwa kutazama mawingu hutamani mtoto wake apate kazi yenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Kwa hivyo mtoto apatapo alama nzuri katika masomo ya sayansi, shauri la jamaa zake huwa ni moja tu: na awe daktari.

Shauri hilo si la kulaumiwa. Daktari naye hula, hulipa karo, na hutunza wazee wake. Lakini achaguaye udaktari kwa ajili ya fedha peke yake hana budi kuipiga hesabu yake mpaka mwisho, kama mkulima ahesabuvyo mbegu, palizi na magunia kabla hajapanda.

Hesabu ya kwanza ni ya miaka. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako masomo ya udaktari yalianzishwa mwaka 1967, mwanafunzi husoma miaka 6. Kisha hufuata mwaka 1 wa uanagenzi hospitalini. Kijana aanzaye akiwa na umri wa miaka 19 atakuwa na miaka 26 kabla hajamaliza, na wenzake walioshika biashara huenda wamekwisha kujenga nyumba.

Hesabu ya pili ni ya mshahara wenyewe. Mkataba wa mwaka 2017 baina ya Serikali na chama cha madaktari uliwapa wanagenzi zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000. Madaktari waligoma siku 56, tangu Machi hadi Mei. Na mgomo wa kabla ya huo, ulioanza Desemba 2016, ulidumu siku 100. Aliyeichagua kazi hii kwa ajili ya hesabu ya kwanza alikuwa na faraja gani alipoonyeshwa ya pili?

Hesabu ya tatu haiandikwi daftarini. Mama mwenye uchungu wa uzazi hufika kituo cha afya usiku wa manane. Mtoto mwenye homa kali huletwa wakati mhudumu amekwisha kuchoka. Saa hiyo hapana msimamizi wa kuona kama mgonjwa amepimwa kwa makini, au amepewa vidonge upesi upesi ili aondoke. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Katika kazi hii mauti hayamfikii mwenye tamaa, humfikia mgonjwa.

Hata hivyo, haifai kudhani ya kuwa kila daktari mwema alizaliwa akiipenda kazi yake. Wako waliojifunza kuipenda kwa kuifanya. Basi linalofaa kuulizwa si kama kijana anapenda fedha, maana ni nani asiyezipenda? Linalofaa kuulizwa ni jinsi atakavyoifanya kazi katika mwezi ambao fedha zimechelewa.

Liko jaribio jepesi. Wakati wa likizo, mzazi na amwombee mtoto ruhusa katika kituo cha afya kilicho karibu, apate kufagia, kuchota maji, na kuwaongoza wazee wasioona vizuri. Arudipo jioni, asikilizwe. Je, anasimulia habari za wagonjwa, au anauliza bei ya gari la daktari?

Akiipenda kazi, ajue pia kwamba udaktari si mlango pekee. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kilichoanza mwaka 1927 na chenye tawi mjini Thika, hufundisha wauguzi na matabibu, ambao ndio watu wa kwanza kuonana na wagonjwa wa mashambani. Na asipoipenda, si aibu: nchi inahitaji pia wahandisi, wahasibu na mabwana shamba.

Shamba likishauzwa kwa ajili ya karo halirudi. Afadhali mzazi aulize mapema na kusikia jibu asilolipenda, kuliko kulisikia katika mwaka wa nne wa masomo, fedha zimekwisha na kijana hana moyo wa kuendelea.