Access au Seva: Hifadhidata ya Ofisi Ndogo

Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, huweka hifadhidata nzima katika faili moja lisilozidi gigabaiti 2. Kwa duka au maktaba ya shule inatosha kabisa. Kikomo chake cha watumiaji 255 kwa wakati mmoja ni cha kwenye karatasi tu: kila kompyuta hulifungua faili lenyewe kupitia mtandao, na muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, faili laweza kuharibika. Kwa mifumo ya hifadhidata ya seva kama PostgreSQL au SQL Server, seva peke yake ndiyo hugusa data, nayo hukamilisha muamala wote au huufuta wote. PostgreSQL ni ya bure, ila huhitaji msimamizi anayeijua. Ofisi inayokua inaweza kubaki na fomu za Access na kuhamishia majedwali tu kwenye seva.