Kiumbe Yupi Afaa Zaidi? Kupima Manufaa katika Mchezo wa Pokémon

Katika kituo cha mapumziko kilicho karibu na mlango wa pango la Mt. Moon yupo mtu auzaye samaki kwa fedha 500 za mchezo. Samaki huyo, Magikarp, yuko katika ngazi ya 5, na hajui kitendo chochote ila kurukaruka. Kurukaruka huko hakumdhuru adui hata chembe. Wachezaji wengi wakishalipa hujiona wametapeliwa. Wengine hutabasamu, kwa sababu wanajua kwamba samaki huyo akifika ngazi ya 20 hugeuka kuwa Gyarados, nyoka mkubwa wa majini anayetisha. Je, ni kundi lipi lenye haki?

Swali hili laonekana la kitoto, lakini limebeba tatizo linalomkabili kila mtafiti. Kabla ya kutamka kwamba kitu fulani chafaa, hatuna budi kueleza chafaa kwa kazi gani, katika muda gani, na kwa gharama gani. Mkulima anayechagua mbegu haulizi mavuno peke yake. Huuliza pia itakomaa lini, na mvua itakuwa imekwisha au la.

Mchezo wa Pokémon ulitolewa Japani tarehe 27 Februari 1996, kwa ajili ya chombo cha mkononi kiitwacho Game Boy. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu alipokuwa mtoto, na mapenzi hayo yanaonekana wazi katika mchezo. (Walimu wa baiolojia watagundua kwamba kile ambacho mchezo hukiita mageuzi ni jambo jingine kabisa: ni kugeuka umbo kwa kiumbe mmoja, kama kiluwiluwi anavyokuwa chura.) Viumbe wako 151, lakini mchezaji huandamana na sita tu kwa wakati mmoja. Hupambana na viongozi wanane, kila mmoja katika mji wake, kisha mabingwa wateule wanne, na mwisho bingwa mkuu. Hapa tutaita "safari" ule mwendo wa kutoka nyumbani hadi kumshinda bingwa mkuu kwa mara ya kwanza. Tutashika matoleo ya Red na Blue yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1998, kwani matoleo ya baadaye yamebadili hesabu nyingi. Tena, mchezaji wetu hataruhusiwa kubadilishana viumbe na rafiki mwenye chombo kingine.

Kila kiumbe ana tarakimu tano za asili: uhai, shambulio, ulinzi, kasi na nguvu maalumu. Mtu mwenye haraka huzijumlisha, akaridhika. Hebu tumfuate tuone atafika wapi. Mwanzoni mwa safari mchezaji huchagua mmoja kati ya watatu: Bulbasaur wa mimea, Charmander wa moto, au Squirtle wa maji. Wakikomaa huwa Venusaur, Charizard na Blastoise. Jumla ya tarakimu za Venusaur ni 425. Ya Charizard ni 425. Ya Blastoise nayo ni 425!

Kwa jumla basi wanalingana, lakini njiani hawalingani hata kidogo. Kiongozi wa kwanza, Brock, ana viumbe wawili, Geodude na Onix, ambao wote ni wa mwamba na ardhi kwa pamoja. Pigo la mimea huongezeka mara 2 kwa ajili ya mwamba na mara 2 tena kwa ajili ya ardhi, yaani mara 4. Pigo la maji ni vivyo hivyo. Pigo la moto hupungua kuwa nusu. Squirtle hupata pigo lake la maji katika ngazi ya 8, na Bulbasaur hungoja pigo la mimea hadi ngazi ya 13; wakisha kuyapata, kazi ni fupi. Charmander huhangaika. Kiongozi wa pili, Misty, hutumia viumbe wa maji, na Charmander huhangaika tena. Umbo la Charizard, ambalo ndilo watu hulisifu, halipatikani kabla ya ngazi ya 36, wakati viongozi kadhaa wamekwisha kushindwa. Ile jumla ya 425 haikutuambia lolote kati ya haya.

Sasa turudi kwa samaki wetu na tuhesabu gharama yake. Ili kupanda ngazi, kiumbe hukusanya alama za uzoefu. Kwa Magikarp, alama zinazohitajika ni kipeo cha tatu cha ngazi, mara 5, kugawanya kwa 4. Ngazi ya 20 hudai alama 10,000. Katika ngazi ya 5 anazo 156. Kwa hiyo amebakiza 9,844.

Atazipataje, naye hawezi kupigana? Desturi ni kumtanguliza uwanjani, kisha kumwondoa mara moja na kumwingiza mwenzake mwenye nguvu. Alama hugawanywa nusu kwa nusu. Popo aitwaye Zubat, wa ngazi ya 8, ambaye amejaa tele katika Mt. Moon, humpa mshindi alama 61. Nusu yake ni 30, kwa kuwa sehemu hutupwa. Gawanya 9,844 kwa 30: mapambano 328 na ushei. Tukikadiria dakika moja kwa kila pambano, hizo ni karibu saa tano na nusu. Ni kweli kwamba maadui wakubwa hutoa alama zaidi, na kwamba katika ngazi ya 15 samaki hupata pigo lake dogo la kwanza. Hata hivyo mzigo huo hubebwa na wenzake, nao wakati huo hupata nusu ya jasho lao.

Malipo ni makubwa. Jumla ya Magikarp ilikuwa 185. Ya Gyarados ni 480. Aweza pia kufundishwa kumbeba mchezaji baharini, kazi isiyoepukika katika safari. Lakini Gyarados ni wa maji na wa kuruka, na pigo la umeme humwumiza mara 4. Kiongozi wa tatu, Lt. Surge, hutumia umeme mtupu!

Mlinganishe na Abra, apatikanaye kaskazini ya mji wa Cerulean. Naye hajui kupigana. Ajualo ni kutoweka, na asiponaswa kwa mtego wa kwanza aghalabu hukimbia. Akinaswa katika ngazi ya 10 huwa na alama 560. Hugeuka kuwa Kadabra katika ngazi ya 16, penye alama 2,535. Tofauti ni 1,975, yaani moja ya tano ya gharama ya samaki. Jumla ya Kadabra ni 330 tu, lakini 120 kati ya hizo ni nguvu maalumu na 105 ni kasi, naye hushambulia kwa nguvu za akili, ambazo maadui wengi wa njiani hawana kinga nazo.

Wanafunzi watakaotaka kuhakikisha maneno haya wajihadhari na bahati. Kila pigo huzidishwa kwa namba ya nasibu kati ya 217 na 255, kisha hugawanywa kwa 255. Aidha, kasi ya asili huleta mapigo ya ghafla yenye nguvu zaidi: kwa Kadabra ni kama mara moja katika tano, kwa Geodude ni kama mara moja katika ishirini na tano. Ushindi mmoja haujathibitisha kitu. Rudieni jaribio, na andikeni kipimo chenu kabla ya kuanza.

Kwa maoni yetu, Abra anamzidi Magikarp katika safari hii. Aliyeanza na Bulbasaur bado ana sababu njema ya kutoa fedha zake 500, kwani hana kiumbe wa maji. Aliyeanza na Squirtle nafasi hiyo imekwisha kujazwa. Samaki yule yule, kwa bei ile ile, kwake ni hasara.

Na Mewtwo je? Jumla yake ni 590, wala hakuna amzidiye kati ya wote 151. Hupatikana katika ngazi ya 70, ndani ya pango lililo karibu na Cerulean. Lakini mlinzi wa pango hilo hamruhusu kuingia ila yule aliyekwisha kumshinda bingwa mkuu. Katika daftari letu la safari, mbele ya jina lake, tumeandika sifuri.