Jeti au pangaboi: msafiri wa Tunduma alipie ipi?

Ukiwa Tunduma na unataka kuwahi Dar es Salaam, safari ya ndege inaanzia barabarani. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, uko Mkoa wa Mbeya licha ya jina lake, kilomita kama 80 kutoka mpakani. Hesabu ya gharama ianzie hapo.

Air Tanzania ina Airbus A220-300, jeti ya abiria 132 yenye kasi ya takriban kilomita 830 kwa saa, na Dash 8 Q400, pangaboi ya abiria 76 inayokwenda kama kilomita 650. Songwe hadi Dar kwa anga ni karibu kilomita 700. Ukigawanya, jeti inatumia dakika 50 na pangaboi 65. Umeokoa dakika 15, na foleni ya malori ya Tunduma inaweza kuzimaliza kabla hujafika uwanjani.

Kasi ina gharama yake tangu jeti za kwanza. Jeti ya kivita ya Ujerumani, Messerschmitt Me 262, iliingia vitani mwaka 1944 ikiwa na kasi ya kilomita 870 kwa saa, wakati ndege ya kivita ya Marekani, Mustang, ya pangaboi, ilifika kama 700. Lakini Ujerumani ilikuwa na uhaba wa nikeli na kromiamu, hivyo vyumba vya moto vya injini yake ya Jumo 004 viliundwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Injini ilidumu saa 10 hadi 25 tu. Rubani akiongeza mafuta kwa pupa, iliweza kuzimika au kuwaka moto. Ndege yenyewe ilichelewa pia kuchukua kasi, ndiyo maana marubani wa Mustang waliivizia ikipaa au kutua.

Injini za leo zinadumu kwa maelfu ya saa, lakini hazijaacha kusumbua: mwaka 2022 Air Tanzania iliegesha baadhi ya A220 zake kwa matatizo ya injini.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, jumlisha nauli, usafiri wa kufika Songwe, malipo ya mzigo uliozidi na teksi ya kutoka uwanja wa Julius Nyerere jijini Dar. Linganisha na nauli ya basi, chakula cha njiani na siku ya biashara utakayopoteza kwenye barabara ya zaidi ya kilomita 900.

Mwenye marobota apande basi. Mwenye begi moja na miadi isiyosubiri apande ndege, achague kwa bei, saa ya kuondoka na uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Kwa jina la jeti peke yake, usiongeze hata shilingi.