Panya wa Barcelona na Vyungu vya Kaplong

Habari hufika kijijini zikiwa zimepoteza nusu ya mwili wake njiani. Mojawapo ni hii ya kwamba mafuta ya kupikia hueneza saratani, ambayo nimeisikia ikirudiwa hapa Kaplong, penye njia panda ya Kericho, Kisii na Bomet, na wanafunzi wakiwauliza walimu wao habari zake.

Asili yake ni panya. Mnamo Desemba 2016 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Salvador Aznar Benitah na wenzake wa Barcelona, Uhispania. Walipandikiza seli za saratani ya kinywa ya binadamu katika vinywa vya panya, wakaona kwamba ni seli chache tu zenye uwezo wa kuhama. Seli hizo zilikuwa na protini iitwayo CD36 kwenye ngozi yao ya nje, ambayo ni kama mlango wa kupokelea mafuta. Panya waliolishwa mafuta mengi walienewa zaidi na ugonjwa hadi kwenye tezi. Walipotiwa kingamwili za kuufunga mlango huo mapema, hawakuenewa. Na wale waliokuwa wamekwisha kuenewa, uvimbe ulipungua sana, hata kwa baadhi ukatoweka. Lakini uvimbe wa kwanza, ule wa kinywani, haukutikisika. Dawa ilizuia safari, haikung'oa mzizi.

Mwaka 2021 watafiti hao waliongeza kwamba asidi ya palmitiki, ambayo imo kwa wingi katika mawese, huziachia seli kumbukumbu ya ukali hata baada ya mlo kubadilishwa. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, haikufanya hivyo. Basi hata neno "mafuta" lenyewe ni pana mno kwa hukumu moja.

Naelewa kwa nini watu wa Bomet wanashtuka. Saratani ya umio ni mgeni wa muda mrefu hapa. Mnamo 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek na wenzao walieleza katika jarida la Lancet jinsi inavyowapata hata vijana. Umio na kinywa vimetandikwa ngozi ya aina moja. Hata hivyo, ujirani si undugu, na panya si mtu. Tena majaribio yale yalihusu kuenea kwa ugonjwa, si kuanza kwake. Kuhusu kuanza, ni afadhali tukitazame kikombe: mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Kosa ni la moto, si la majani ya chai (wakulima wetu watulie).

Linaloniudhi ni mgonjwa kunyang'anywa maziwa kwa sababu ya panya. Mtu ambaye umio wake umezibika hukonda kwa njaa kabla ya jambo lingine lolote. Tenwek wamewawekea wengi kijibomba cha waya ili chakula kipite, na kinachopita ni uji, mchuzi na maziwa. Jamaa akiondoa mafuta humo kwa kusikia tu, anampunguzia mgonjwa nguvu za kuikabili tiba. Na amwulize kwanza daktari anayemtibu.