Simu ndani ya chandarua: Mtoto kalala au anatazama?

Saa nne usiku, vijiji vya Kiongoroni wilayani Kibiti vimetulia. Taa ya sola imezimwa, chandarua kimeshushwa, na mzazi anaamini mtoto kalala. Kumbe ndani ya chandarua simu inawaka. Katuni moja imekwisha na nyingine imeanza yenyewe, bila mtoto kugusa kitu.

Wazazi wengi wa leo walitazama mpira na filamu za kutafsiriwa kwenye vibanda umiza. Vilikuwa na kasoro zake, lakini watu walitazama pamoja, na mafuta ya jenereta yakiisha kila mtu alirudi kwao. Simu haifungi mlango. Azam TV Max, YouTube na programu nyingine huleta tamthilia, mpira na katuni usiku na mchana, alimradi mtandao unashika na bando lipo.

Katika delta ya Rufiji, mzazi anayekwenda kuvua, au kulinda mpunga akiwa juu ya dungu, anaweza kumwachia mtoto simu ili atulie. Hilo linaeleweka. Tatizo huanza simu inapogeuka mlezi wa kila siku, hasa usiku.

Usingizi ndio unaoibwa

Mwanga wa simu karibu na macho huuchelewesha mwili kutoa homoni inayoleta usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Akizima simu saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kujiandaa kwenda shule, amelala saa 6 tu. Atasinzia darasani, atakuwa mkali bila sababu, na masomo hayatakaa kichwani. Mzazi anaweza kudhani ni uvivu.

Macho nayo huchoka. Anayekodolea kioo kidogo hupepesa mara chache, hivyo macho hukauka na kuwasha.

Kwa wadogo zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asitazamishwe kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Mtoto mdogo hujifunza kusema kwa kusemeshwa na kujibiwa. Katuni humsemesha, lakini haisubiri jibu lake.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, simu isilale ndani ya chandarua. Izimwe saa moja kabla ya kulala, kisha ilale kwa mzazi.

Pili, zima kitufe kinachoanzisha video nyingine yenyewe. YouTube Kids ina saa ya kuhesabu muda, ukiisha, inasimama.

Tatu, chagua kabla ya kumpa. Vipindi vya Kitanzania kama Ubongo Kids, vilivyoanza mwaka 2014, na Akili and Me kwa wadogo zaidi, hufundisha kwa Kiswahili. Kaa naye, muulize: huyu kafanya nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nne, kila baada ya dakika 20 apumzishe macho kwa kutazama mbali, kisha atoke nje kucheza.

Tano, mzazi ajitazame. Baba anayefuatilia marudio ya mechi hadi usiku wa manane, au mama asiyeachia tamthilia wakati wa chakula, atapata shida kumwambia mtoto azime.

Mtoto akilalamika kuumwa kichwa mara kwa mara, akikunja macho kutazama mbali, au akichelewa kuongea, mpeleke zahanati au kituo cha afya. Usisubiri ukidhani atakua nayo yaishe.

Leo usiku, kabla hujalala, inua chandarua cha mwanao uangalie.